Safu ya Tatu

Wamempa ngao Dokta Kalunde Mihayo.
Ukumbi wa chuo cha biashara, hapa Tabora, Jumamosi,
feni mbili kati ya nne zinazunguka,
viti vya plastiki vimefungwa utepe wa kijani
kwa kuwa kijani, alisema mshereheshaji, ndiyo rangi ya mazingira.

"Kwa utafiti na ufundishaji wa biashara endelevu."
Wakasoma mara mbili, mara ya pili polepole,
kama wanaotafuna neno lenye mfupa.
Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko haki yangu.

Kwa maana nilikuwa darasani mwake mwaka ule wa mvua haba,
Igombe ilipobaki tope na vyura,
siku aliyoingia na gogo la kuni begani,
akalibwaga mezani, vumbi likaruka,
akauliza: "Hili mnaliandika wapi?"
Gharama za kukaushia tumbaku, tukasema. Debiti.
"Hiyo ni nauli ya trekta na posho ya mkataji.
Nauliza mti. Mti mnauandika wapi?"
Mmoja wetu akasema, Mungu keshaulipia.
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Akachora mstari kando ya debiti na krediti,
safu ya tatu, tupu,
akaenda zake kipindi hakijafika nusu.

Miaka kumi na moja ametembea na safu hiyo.
Urambo, Kaliua, Sikonge, kwa pikipiki ya kukodi,
akihesabu bani kwa bani, kisiki kwa kisiki,
akipima kwa kamba ya katani
mwendo wa mama hadi kwenye kuni:
mwaka wa kwanza, hatua mia nne;
mwaka wa saba, toka alfajiri hadi adhana ya adhuhuri.
Nkwabi Sizya, mrina asali, ndiye aliyemwonyesha
jinsi mzinga wa gome unavyowavisha nyuki
kwa kuuvua mti.
Akaliandika na hilo, na jina la Nkwabi
akaliweka juu ya lake.

Wenzake walimwita Bibi Kuni.
Mkuu wa idara aliuliza kama hesabu hizo zinatoka kwenye mtihani wa bodi.
Hazitoki.

Basi akaitwa mbele. Ngao ya mbao, inang'aa,
jina lake kwa herufi za shaba.
Akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu,
kisha akaigeuza.
Akaikwaruza kwa ukucha. Akainusa.
"Mninga," akasema, na kipaza sauti kikasikia.
"Nani ana risiti?"

Wageni wakacheka kile kicheko
cha kutojua kama ni mzaha.
Mimi nilijua.
Mimi ni mhasibu wa chama cha msingi, wakulima mia mbili na arobaini,
na mwaka jana mwenyekiti aliweka kidole juu ya safu ya tatu,
akasema, "Hii itawatisha wanunuzi,"
nami nikaifuta.
Sikushikiwa bunduki. Nilishikiwa kikombe cha chai.

Baada ya pilau nilimkuta nje, kwenye ngazi,
ngao magotini, anaandika mgongoni mwake kwa penseli:
Mninga. Futi moja na nusu kwa moja. Haujalipiwa.
"Msonde," akasema bila kuinua uso,
"safu yako inaendeleaje?"

Ningeweza kusema vizuri; ulimi ulishakaa tayari.
"Nimeifuta, mwalimu."

Hakunikaripia. Alinipa ile penseli,
fupi, kitako kimetafunwa,
na tangu Jumamosi imo mfukoni,
inanichoma paja kila nikikaa kwenye vitabu.
Leo Jumatano. Kikao ni kesho, saa nne.
Mstari nimeshauchora.
Nimeuchora, nimenyanyuka, nimefunga dirisha, nimerudi,
na bado sijui nianze na mti upi.